Saa Nane

Kosa ni langu, nimeshaliungama mbele ya ndugu zangu.
Nilimtafsiria mama boksi la dawa kwa simu,
mimi Ghala, kazini, faili kwapani,
yeye Ibra, na miwani iliyokatika mkono mmoja.
Kiarabu cha msahafu anakijua vizuri;
cha maboksi ya dawa kinampiga chenga.
Akanitumia picha, nusu boksi, nusu kidole gumba.

"Inasemaje, Asila?"
"Ya maumivu na usingizi. Vidonge viwili. Saa nane za kulala."
"Saa nane?"
"Saa nane, mama. Kamili."

Wallahi, ulimi una mitego yake.
Ofisini kwetu nane ni nane.
Lakini kwa Bi Thuwaiba, mzaliwa wa Wete,
saa huhesabiwa tangu jua lichomoze au lizame,
na saa nane ya usiku ni pale giza limekolea,
mbwa wa bondeni kimya,
maji ya falaji peke yake ndiyo yanayosema.

Basi mama, mtiifu kwa dawa kuliko kwa wanawe,
alilala saa tatu, usingizi mnono, bila kidonge,
baada ya kutegesha kengele.
Akaamka saa nane kamili
ili ameze dawa ya usingizi.

Cheka. Mimi pia nilicheka, baadaye.

Kabla ya kicheko kulikuwa na alfajiri:
adhana imekwisha, miguu imejaa mchanga,
kinywa kikavu, mkono unatambaa ukutani kutafuta swichi,
na sauti inamwita Salha, Salha, nifungulie.
Salha dada yake tulimzika miaka sita iliyopita.
Hakuanguka, asema. Alikaa tu, kizingitini mwa choo.
Nyonga ilikuwa na alama ya rangi ya biringani.

Nikaenda Ibra siku hiyo hiyo.
Dawa zote za nyumba nikazimwaga katika mfuko wa soko,
nikazipeleka kwa Shaji, mfamasia wa Kikerala
aliyefundishwa Kiswahili na vikongwe wa mji huu
wakija kununua mafuta ya kuchua.
Akazipanga mezani: ya mafua, ya magoti, ya usiku.
Akatoa kalamu nyekundu, akazungushia neno moja
mara tatu: parasetamoli, parasetamoli, parasetamoli.

"Huyu, na huyu, na huyu," akasema, "mtu mmoja.
Kanzu tofauti."

Mama akainama akaangalia.
Tangu Jumapili alikuwa akiwakaribisha wote watatu.

"Lakini ini, Bi," Shaji akasema, "halidanganywi na kanzu."

Akaligonga boksi la usiku kwa ukucha.
"Na humu mna mwenzake, wa kuleta usingizi.
Huyo akiingia kwa mtu mzima hajui kuaga.
Asubuhi bado yumo, amekaa kichwani, anaomba chai.
Kwa umri wako, usimkaribishe kabla ya kumuuliza daktari."

"Sasa magoti yangu nimpe nani?"

"Daktari huyo huyo. Goti linalokuamsha kila usiku
si habari ya boksi."

Hakupenda. Njia nzima alitazama milima,
akauliza bei ya petroli, akanyamaza,
kisha: "Nawe ungesema *muda* wa saa nane."
"Ningesema."
"Neno moja tu, Asila."
"Neno moja tu, mama."

Jioni nilichukua kalamu ya wino mzito
nikaandika juu ya kila boksi, kwa Kiswahili, herufi kubwa,
kilichomo, kiasi, na kisichochanganywa na nini.
Lile la usiku nikalitia mkobani mwangu. Aliniona, hakusema.

Kengele hajaifuta. Hajui inafutwa vipi,
na mimi kila nikienda nasahau kumwonyesha.
Inalia, anaamka, analigeuza goti lililofungwa taulo ya moto,
ananitumia ujumbe wa sauti gizani:
"Asila, umelala?"

Nilikuwa nimelala.